Shoti ya 68,400 imegawanywa kwa wafanyakazi wote watano. Hii ni haki kweli?

#1 BintiBahati
Habari zenu wadau. Niko Nakuru, nafanya kaunta kwa supamaketi ndogo ya mtaa, sitaitaja. Tuko watano: makeshia wawili, kijana wa stoo, mlinzi wa mchana na mama wa kufagia, ambaye pia hutupikia chai ya saa nne. Jumapili iliyopita tulifunga mapema tukahesabu mali. Kompyuta ikasema tuna shoti, yaani kumepungua vitu vya shilingi 68,400. Bosi hakuuliza mtu swali. Alitoa simu akagawanya kwa tano: kila mtu 13,680, itakatwa kwa miezi 3, yaani 4,560 kila mwisho wa mwezi. Akatuletea karatasi ameandika kwa kalamu "nimekubali kwa hiari yangu", tukatia sahihi mmoja mmoja.

Mshahara wangu ni 15,000. Mimi sijaiba. Lakini kinachoninyima usingizi ni mama wa chai. Huyo hajawahi kugusa kaunta, na stoo huingia na ufagio tu. Yeye hulipwa 9,000. Bosi anasema sote tunakula hapa, basi sote tutalipa. Ana haki? Na sisi tuliotia sahihi ndio tumejifunga?

#2 DerevaWaProbox
Pole dada. Ushatia sahihi, hiyo imeisha. Lipa huku ukitafuta kwingine polepole.

#3 Mwakilishi_Njoro
Haijaisha. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye shamba la maua, na karatasi za "kwa hiari yangu" nimeziona nyingi, mwandiko wa bosi na sahihi ya mtu anayetetemeka.

Mambo ya kukata mshahara yako kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mali ya mwajiri ikiharibika au kupotea, anaweza kukata kiasi kinachostahili ikiwa hasara imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kosa lake yeye, tena la makusudi. Hakuna mahali pameandikwa "gawanya kwa vichwa". Halafu ndiyo, kuna makato ambayo mfanyakazi anaweza kuyaomba mwenyewe kwa maandishi, lakini ni yale ambayo mwajiri hana faida nayo, kama ya sacco. Hapa pesa inarudi mfukoni mwa bosi huyo huyo. Hiyo karatasi mimi singeiogopa sana.

Una mkataba wa maandishi?

#4 BintiBahati
Sina. Niliitwa kwa simu nikaambiwa nije kesho na kitambulisho. Ni mwaka mmoja na miezi minne sasa.

#5 MamaDuka_KK
Naona mmeanza kumsulubisha huyo bosi kabla hajafika. Mimi nina duka Kakamega, nimeandika wafanyakazi wawili. Kuna mwaka nilienda matanga wiki mbili nikamwachia kijana wa watu duka. Kurudi, rafu zimejaa vizuri kabisa, maboksi yamepangwa yakitazama mbele. Nilipovuta moja likaja jepesi. Yote nyuma yalikuwa matupu! Wasambazaji walionikopesha mali hawakutaka kusikia habari za kifungu cha 19, walitaka pesa yao Ijumaa. Niliuza ng'ombe.

Faida ya pakiti ya unga ni shilingi chache. Zikipotea pakiti kumi, unauza bale kadhaa nyingine kwa kujitolea. Mfanyakazi akipata shoti anasema "mimi sijui". Mwenye duka akisema "mimi sijui", anafunga. Hao watano wakijua hasara ni ya wote, watachungana. Mchuma janga hula na wa kwao.

#6 Mwakilishi_Njoro
Mama, pole kwa ng'ombe, nasema kwa dhati. Lakini yule kijana wako ulimjua, ungempeleka polisi. Hapa hakuna aliyejulikana. Na "wa kwao" wa bosi ni familia yake. Mfagiaji wa 9,000 si wa kwao.

#7 MzeeWaStoo
Hamjambo. Nimesoma yote. Nilikaa stoo za jumla Kisumu miaka 26 kabla ya kustaafu, na nataka kusema jambo ambalo hakuna aliyeuliza: hizo 68,400 zimepotea kweli, au zimepotea kwenye kompyuta tu?

Mali ikipungua kwenye hesabu, wizi ni kitu cha mwisho kukiangalia, si cha kwanza. Kwanza angalia mapokezi. Lori la unga linafika saa moja jioni, wateja wamejaa, kijana anatia sahihi ankara bila kuhesabu. Zimeshuka bale tisa, ankara inasema kumi. Pili, jinsi zilivyoingizwa. Bale ya unga wa kilo mbili ina pakiti 12. Bale ya kilo moja ina 24. Mtu akiiandikia bale ya kilo mbili pakiti 24, kompyuta inaamini una pakiti ambazo hazikuwahi kuzaliwa, na mwisho wa mwezi inazidai kwenu. Mimi nimeona mtu amefutwa kazi kwa sababu ya unga ambao haukuwahi kusagwa.

Kisha kuna mikate iliyolala ambayo mwenye gari la mkate ameibeba na hakuna aliyeiandika. Maziwa yaliyovimba yakamwagwa. Sukari ya kupima: gunia la kilo 50, mkono ukiwa mzito kidogo kwenye kila nusu kilo, usishangae ukikosa kilo nzima chini ya gunia. Panya. Bei iliyobadilishwa kwenye rafu isibadilishwe kwenye mashine. Na wateja wenyewe, wanaingia na koti kubwa mwezi wa Januari.

BintiBahati, mlihesabu mara ngapi?

#8 BintiBahati
Mara moja tu mzee. Bosi alikuwa anasoma kwenye skrini, sisi tunataja idadi kwa sauti. Ilikuwa saa tatu usiku tukimaliza, tumesimama tangu asubuhi.

#9 MzeeWaStoo
Basi hamjahesabu. Mmeimba.

#10 Jakondele
😂😂 Mzee umeua. Lakini panya asisahaulike, omera. Hapa Kondele kuna mwenye duka alinunua paka ili apunguze hasara, paka akaanza kula omena ya kuuza. Sasa nani akatwe?

#11 DerevaWaProbox
Paka atie sahihi kwa hiari yake.

#12 SheriaMwakaWaTatu
Mimi ni mwanafunzi wa sheria, bado sijawa wakili, msinishtaki. Nina nyongeza na masahihisho kwa Mwakilishi_Njoro.

Umesema kosa la makusudi, ni kweli kwa mali. Lakini kifungu hicho hicho kina mlango mwingine kwa makeshia: upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu unaweza kukatwa, hata bila makusudi, kama mkataba wa mtu huyo unasema wazi amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Kwa hivyo droo ikikosa 500 jioni na mkataba unasema droo ni yako, bosi ana hoja. Unga uliokosa kwenye rafu si pesa iliyokosa kwenye droo. Watu wanaita vyote viwili "shoti", ndiyo maana wanachanganyikiwa.

Na BintiBahati hana mkataba wa maandishi hata kidogo. Kazi ya miezi 3 au zaidi, sheria inataka mkataba uandikwe, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kupinga masharti yanayodaiwa unakuwa wake.

Jambo la mwisho: jumla ya makato yote kwa mara moja isizidi theluthi mbili ya mshahara.

#13 DerevaWaProbox
Sasa theluthi mbili ya 15,000 ni 10,000. Yeye anakatwa 4,560. Si bosi yuko ndani ya sheria basi?

#14 SheriaMwakaWaTatu
Hapana. Hiyo theluthi ni kikomo cha makato yaliyo halali. Makato haramu hayahalalishwi kwa kuwa madogo. Ni kama useme umeiba lakini hujajaza gari.

Ila tupige hesabu. Kwa 15,000, bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 412.50. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, ni 225. Akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, ni 900. Jumla 1,537.50. Dada, hizo unakatwa?

#15 BintiBahati
Hakuna. Napewa 15,000 mkononi, na wakati mwingine kwa M-Pesa vipande viwili. Wala sijawahi kuona karatasi ya mshahara.

#16 Mwakilishi_Njoro
Haya. Mwajiri ambaye hapeleki NSSF, SHIF wala ya nyumba, hatoi karatasi ya mshahara, hajaandika mkataba, ndiye anayeshika kalamu kuandika "kwa hiari yangu". Na kuna kima cha chini. Mishahara ya chini iliongezwa asilimia 12 Mei 2022 na asilimia 6 tena Novemba 2024, na keshia yuko daraja la juu kuliko kibarua wa kawaida. Sitaki kutaja tarakimu nikose, nenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, uulize ya Nakuru.

#17 MamaDuka_KK
Mnavyoongea, maduka yote ya mtaa yafungwe kesho asubuhi. Nani kati yenu amewahi kuajiri mtu? Ukimwandikisha kwa kila kitu mnachotaka, na kodi ya kaunti, na stima, na kodi ya nyumba, unabaki na nini? Haki za mfanyakazi mnazo za kurasa nzima. Wajibu wake mnaumaliza kwa mstari mmoja. Anachelewa, anashinda kwa simu, anampa rafiki yake kilo na robo kwa bei ya kilo, akipata kazi nzuri anahepa bila hata kuaga. Mimi mmoja aliondoka na funguo.

#18 SheriaMwakaWaTatu
Hapo una haki, mama. Anayelipwa kwa mwezi akiondoka bila notisi ya siku 28 anaweza kudaiwa mshahara wa muda huo, sheria inakata pande zote. Na kutotii amri halali, ulevi kazini, kutohudhuria bila ruhusa, kushukiwa kwa sababu za kutosha kuwa amemwibia mwajiri, zote zinaweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Lakini hata huyo wa wizi, kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo, na asikilizwe kabla hajafukuzwa. Pesa alizokwisha kuzifanyia kazi analipwa.

#19 Jakondele
Nyinyi mna bahati mnabishana kuhusu mshahara. Sisi wa tuktuk hatuna mshahara, tuna hesabu, yaani pesa ya mwenye tuktuk ya kila siku. Asubuhi unachukua tuktuk, jioni unapeleka hesabu ya mwenye tuktuk. Mvua inyeshe, pancha ipasuke, askari wa kaunti akushike, hesabu ni ile ile. Kikibaki kitu ni chako, kisipobaki unakopa Fuliza umpelekee. Kifungu cha 19 kinatusaidia wapi?

#20 Omwami_Bungoma
Mulembe. Jakondele, wewe umekodisha tuktuk, hujaajiriwa. Au umeajiriwa? Sijui. Mwenye tuktuk akikwambia usipite njia fulani na uifunge saa mbili, huyo si mkodishaji tena, ni bosi.

Lakini turudi kwa uzi. BintiBahati, nimesoma #1 mara tatu. Umeandika "mimi sijaiba". Hujaandika "sijui nani anachukua". Nisamehe kama nakuonea.

#21 Nyar_Nyalenda
Eeh, mimi pia niliona lakini nikanyamaza.

#22 MamaDuka_KK
Umeona! Omwami asante. Dada tunakungoja.

#23 BintiBahati
Nilikuwa nimelala, nimeamka nimekuta mmenifikia.

Sawa. Mdogo wake bosi huja Jumamosi jioni bosi akiwa ameenda. Huchukua mkate, mafuta ya kupikia lita tatu, unga, wakati mwingine pampasi. Hupita kaunta anasema "andika baadaye" na anatoka. Mwanzoni nilikuwa naandika kwa daftari. Siku moja daftari likapotea. Nikanunua jingine, nikaandika wiki mbili, kisha nikaacha, kwa sababu keshia mwenzangu aliniambia nitajitafutia makosa: hao ni ndugu, wewe ni nani.

Sijui jumla ni ngapi. Haiwezi kufika 68,400 kwa mwezi. Ikizidi sana labda elfu kumi na kitu. Na sijui, pengine bosi anajua na wanamalizana wenyewe nyumbani.

Tulipokuwa tunatia sahihi, kijana wa stoo aliniangalia. Na yeye anajua.

#24 DerevaWaProbox
Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua tu lazima kuna ndugu ndani.

#25 MamaDuka_KK
Subirini. Hapa mimi ndiyo nakasirika, na si kwa bosi. Dada, umekaa hapo ukiona mafuta yanatoka bila kuandikwa, mwenye mali hajui. Ingekuwa ni duka langu ningesema umesaidia kuiba. Halafu mama wa chai anakatwa 4,560 na wewe ulikuwa na jibu, hata kama ni robo ya jibu. Wewe ndiye uliyemlipisha.

#26 Nyar_Nyalenda
MamaDuka taratibu. Mimi nilisema ukweli, nikuambie ulinifikisha wapi. Nilikuwa mhudumu hoteli ya samaki huku Kisumu. Mpishi alikuwa anauza mafuta ya kukaangia kwa mlango wa nyuma, madumu kabisa. Nikaona huo ni uovu, nikamwendea mwenye hoteli faraghani, kwa heshima. Kumbe mpishi ni shemeji yake. Wiki hiyo hiyo nikaambiwa wateja wamepungua, nipumzike kidogo, nitaitwa. Huu ni mwaka wa tatu napumzika. Tena kabla ya kuondoka kila jioni nikawa nakaguliwa mkoba na mlinzi mwanamume, mbele ya wateja, mimi peke yangu.

Sasa niambie wajibu uko wapi. Mtu wa 15,000 abebe ukweli wa familia ya watu?

#27 SheriaMwakaWaTatu
Nyar_Nyalenda, Katiba, kifungu cha 31, inalinda mtu na mali yake asipekuliwe ovyo. Wenye hoteli hujitetea kwamba ukaguzi ni wa wote na ni sharti la kazi, na hoja hiyo inaweza kusimama. Kukagua mtu mmoja tu baada ya kusema jambo ni habari nyingine.

Na kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali, kifungu cha 46. Ila kuna jicho: malalamiko yakionekana ni ya kizembe na hayana msingi, kinga inaondoka. Ndiyo maana daftari lilikuwa muhimu.

#28 Omwami_Bungoma
Mimi nakubaliana nusu na MamaDuka. Hakuwa na wajibu wa kupigana na mdogo wa bosi. Alikuwa na wajibu wa kuuliza swali moja dogo: "Bosi, ndugu yako akichukua vitu niandike wapi?" Hilo si kuchongea. Ni keshia kuuliza kazi yake.

#29 Jakondele
Swali zuri sana ukiwa kwa kiti cha plastiki Bungoma.

#30 Omwami_Bungoma
Ni cha mbao. Na mimi nimewahi kufutwa mara mbili, usidhani nimezaliwa nikiwa mshauri.

#31 MzeeWaStoo
Kuhusu huyo ndugu mimi nina shaka. Mmeshampata mwizi kwa sababu amekuja na jina. Kila stoo niliyofanya kazi, watu wa mwenye mali huchukua vitu, na mwenye mali huwa anajua. Asilolijua ni kwamba havikuandikwa. Hilo si kosa la ndugu peke yake. Ni la bosi ambaye hakuweka daftari la nyumbani kwake. Mhindi mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa na ukurasa wake mwenyewe, anajiandikia hata kiberiti. Mwisho wa mwezi anajilipa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na sisi hatukuwahi kumcheka.

Naomba bado: mhesabu upya. Na muanze na unga.

#32 Bahasha_Tupu
Mpeleke mahakama ya madai madogo. Haitaki wakili na inachukua mpaka milioni moja. Mjomba wangu alishinda huko mambo ya mbao, siku chache tu.

#33 SheriaMwakaWaTatu
Ya mbao ndiyo. Ya ajira hapana, madai madogo haihusiki. Mizozo ya kazi iko kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ipo Nakuru na ipo Kisumu, na kwa wanaolipwa kisichozidi 80,000 kwa mwezi kuna mahakimu waliopewa uwezo wa kuisikiliza. Kabla ya hapo aende leba, ni bure. Muda wa kushtaki ni miaka 3, na kwa jambo linaloendelea kama makato ya kila mwezi ni miezi 12 baada ya kukoma. Watu wengi huamka mwaka wa nne.

#34 Mwakilishi_Njoro
Leba nitamsindikiza mtu yeyote wa Nakuru. Ila niseme ukweli ambao sisi wa vyama huwa hatuusemi jukwaani. Kwenye shamba la maua ukikatwa bila haki, mimi mwakilishi nabisha mlango wa meneja nikiwa na mkataba wa pamoja mkononi na chama nyuma yangu. Ofisi kuu ya chama cha wafanyakazi wa mashamba iko hapa hapa Nakuru. Duka la watu watano halina mwakilishi. Afisa wa leba akiita bosi leo, jioni mtakuwa kwenye chumba kimoja naye, na sukari ya kupima.

#35 Msimamizi
Uzi mzuri. Naona mtu ameanza kukisia jina la duka, nimefuta. Tafadhali.

#36 BintiBahati
Mrejesho. Nilitumia lile swali la Omwami, karibu neno kwa neno. Nilimuuliza bosi asubuhi kabla hatujafungua: ndugu yake akichukua vitu niandike wapi. Alikaa kimya, akasema "vitu gani?" Nikataja mkate na mafuta, pampasi nikaziacha. Akasema sawa, ataongea naye. Sikuweza kusoma uso wake. Hajaniongelesha tena isipokuwa kazi.

Lakini alikubali tuhesabu upya, nadhani kwa hasira. MzeeWaStoo, ukae chini. Bale 10 za unga wa kilo mbili ziliingizwa kwa pakiti 24 kila moja, kama za kilo moja. Kompyuta ilikuwa inatudai pakiti 120 ambazo hazikuwahi kufika, na tunauza 150. Hiyo ni 18,000.

#37 MzeeWaStoo
Nimekaa.

#38 DerevaWaProbox
Mzee anakunywa chai na miguu juu ya meza leo 😂 Nani aliingiza hizo bale?

#39 BintiBahati
Inaonyesha namba yangu ya siri. Lakini siku hiyo nilikuwa likizo ya ugonjwa, nilikuwa na malaria. Namba yangu huachwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi ili mtu yeyote atumie, bosi mwenyewe ndiye aliyesema tufanye hivyo.

#40 MamaDuka_KK
Namba ya siri chini ya kibodi! Basi hiyo si siri, ni tangazo.

Haya, imebaki 50,400. Amewapunguzia?

#41 BintiBahati
Amepunguza. Sasa ni 10,080 kila mtu, yaani 3,360 kwa miezi 3. Amesema hiyo nyingine inabaki mpaka mwizi apatikane. Kijana wa stoo anasema ni sukari. Keshia mwenzangu anasema ni jumbe za M-Pesa za kughushi siku za mwisho wa mwezi kukiwa na msongamano, kwamba mtu anaonyesha simu tu na tunampitisha. Mlinzi anasema ni gari la mkate. Kila mtu ana jibu, na kila jibu halimhusu yeye. Hata mimi.

#42 Mwakilishi_Njoro
Yaani amekiri hesabu yake ilikuwa na kosa la 18,000 na bado anakata iliyobaki kwa vichwa. Twende leba Jumatatu.

#43 MamaDuka_KK
Amehesabu upya, amepunguza, amemsikiliza kuhusu ndugu yake. Wangapi wangefanya hivyo? Mpeni nafasi. Makato bado sikubaliani nayo, nimebadilisha msimamo kwa huyo mama wa chai. Wengine wanne wachungane.

#44 Nyar_Nyalenda
Mama wa chai alisemaje?

#45 BintiBahati
Hakusema kitu. Alikuja Alhamisi, akapika chai kama kawaida, akafagia. Ijumaa hakuja. Jumamosi alituma mtoto wake achukue sufuria, maana ilikuwa yake. Simu haishiki. Bosi anasema amekimbia deni, na sasa ile 10,080 yake anataka kuigawanya kwa sisi wanne.

#46 SheriaMwakaWaTatu
Subiri, HAPANA. Usitie sahihi kitu kingine chochote. Nitumie ujumbe faraghani.

#47 Kijana_FreeArea
Habari wadau, nimesoma juu juu tu. Hiyo duka iko pande gani za Nakuru? Kama kuna nafasi imebaki nijulishwe, nina cheti cha uhasibu, niko Free Area, naweza kuanza hata Jumatatu.